Turudishieni Mwajuma

Umeme ukikatika Tandika, kibandani kwetu ovaloki inanyamaza, redio inanyamaza, na sauti ya mtu mmoja inafika mpaka kwa muuza mkaa wa jirani. Hapo mafundi wenzangu hunigeukia. "Dada, tusomee." Nafungua droo ya cherehani, nasogeza bobini na vipande vya chaki, natoa kitabu. Tumesoma hivyo kwa miaka mingi, leo sura moja, kesho nusu sura. Mmoja anapiga pindo kwa mkono, mwingine anafumua mshono, na mteja aliyefuata dera lake anakaa kwenye benchi akasahau kilichomleta.

Mwaka jana tulisoma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Tulipofika pale Yasmin anapokwenda kutafuta hifadhi Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma, binti mmoja anayejifunza kazi kwetu, wa miaka 19, aliiweka sindano chini akasema bila wasiwasi, "Huyo Mwajuma atamgeuka." Nikamuuliza amejuaje. "Shoga ni shoga tu, dada. Mtaona."

Akaanza kuusubiri huo usaliti. Kila umeme ulipokatika alikuwa wa kwanza kusogeza kigoda. Mwajuma akitoka kidogo, binti anasema, "Kaenda kumsema." Mwajuma akicheka na mwanamume, anasema, "Haya, ndiyo hivyo." Tukafika mwisho wa kitabu, usaliti haukuja. Siku hiyo alikaa kimya mpaka umeme uliporudi, na kabla hajakanyaga pedali akasema maneno mawili: "Kumbe wapo."

Makala hii imetokana na maneno hayo mawili. Binti huyu amezaliwa hapa hapa Temeke, amesoma hadi kidato cha nne, anafuatilia tamthilia tatu kwa pamoja na hadithi za kwenye simu zinazokatwa vipande vipande mpaka ulipie. Katika hadithi zote hizo alikuwa hajakutana na rafiki mwema akaweza kumwamini. Silaumu macho yake. Nawaambia tunaowasimulia watoto hawa hadithi: tumewanyima kitu.

Kwa wasioijua riwaya ile, nitaieleza kwa kifupi. Ni Unguja ya miaka ya mwisho ya ukoloni. Yasmin ni msichana wa Kihindi aliyeozwa akiwa mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa baba yake. Anashindwa, anatoka. Watu wake mwenyewe, wa damu na wa dini yake, wanamfungia mlango. Anayemfungulia ni Mwajuma, mwanamke Mswahili anayeishi peke yake, hana mume wala mali, ana chumba, sauti ya kuimbia na moyo wa kupenda watu. Ni kwa Mwajuma Yasmin anapojifunza kuishi, na ni huko anapokutana na Denge, kijana anayepigania uhuru. Kitabu kilichapwa na Mkuki na Nyota hapa Dar es Salaam mwaka 1999, kikawa kitabu cha shule, na mwaka 2021 filamu yake iliyoongozwa na Amil Shivji ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto nchini Canada. Wengi wakizungumzia hadithi hiyo huzungumzia mapenzi ya Yasmin na Denge. Kibandani kwetu tulizungumzia mlango wa Mwajuma.

Nami nina sababu yangu. Mwaka huo huo wa 1999 nilitoka kwenye ndoa nikiwa na mfuko mmoja na mtoto mgongoni. Nilikwenda kwanza kwa ndugu yangu. Alinipa chai, akaniambia ndoa ni uvumilivu, na jua lilipoanza kushuka akanisindikiza kituoni. Sikurudi nilikotoka. Nilishuka Mtoni kwa Azizi Ali, nikaenda kwa mwanamke niliyejuana naye sokoni Tandika, muuza maandazi, tuliyekuwa tukitaniana tu asubuhi. Chumba chake kilikuwa kimoja katika nyumba ya vyumba sita, kitanda cha nne kwa sita, pazia la kanga kuukuu. Hakuniuliza nimekuja kwa siku ngapi. Alimpokea mtoto mgongoni kwangu, akaniambia, "Kaoge kwanza, maji yamo kwenye ndoo."

Mwenye nyumba alipouliza mgeni ni nani, alimjibu, "Ni mdogo wangu kutoka nyumbani." Yeye ni wa Lindi, mimi ni wa Korogwe. Nililala katika uongo ule kwa mwaka na miezi minne. Alilala ukingoni ili mtoto asianguke. Saa tisa za usiku aliamka kukanda unga, nami nikajifunza kuamka naye. Ni yeye aliyenipeleka kwa fundi mmoja nianze kushona vifungo na kupiga pindo, na kazi ile ndiyo inayonilisha mpaka leo. Miaka mingi baadaye mdogo wangu akiwa kidato cha tano alikisahau Vuta N'kuvute kitandani kwangu. Nilikisoma usiku mmoja, na nilipofika kwa Mwajuma nilitoka nje nikakaa kibarazani, maana machozi yalikuwa yananizuia kuona maandishi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini urafiki wa vitabuni unatushika namna ile, hata kwa msomaji ambaye hakuwahi kufungiwa mlango. Jibu nililolipata ni hili. Mume na mke wamefungwa na ndoa. Ndugu amefungwa na damu. Hata akikuchukia atakuja msibani, maana asipokuja watu watasema. Mfanyakazi amefungwa na mshahara, jirani amefungwa na ukuta. Rafiki hajafungwa na kitu. Hakuna kadhi wala mchungaji aliyemwapisha, hakuna cheti, hakuna mirathi. Akiondoka leo jioni, hakuna baraza la kata litakalomwita. Basi kila ukurasa anaobaki, anabaki kwa kutaka mwenyewe. Msomaji analijua hilo hata asipoweza kulisema, ndiyo maana anasoma roho mkononi. Rafiki asipoondoka tunapata faraja ambayo harusi ya mwisho wa hadithi haiwezi kutupa.

Na kwa kuwa urafiki hauna sherehe, mwandishi anayeujua huuonesha kwa vitu vidogo: sahani moja ya wali, nauli ya kuazimwa, neno la kweli lililosemwa faraghani na neno la utetezi lililosemwa mbele za watu. Lugha yetu inajua kazi hiyo, maana imeupa urafiki majina mengi. Tuna rafiki, swahiba, mwandani, shoga, somo, msiri. Vijana wanasema mshikaji na besti. Tuna marafiki wa kufa na kuzikana, na wale walio kama chanda na pete. Watu hawatungi majina mengi hivyo kwa kitu kisicho na thamani.

Sisi wa Temeke na Kinondoni tunazo sababu zetu za kuzipenda hadithi hizi. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar es Salaam zaidi ya watu milioni 5.3, na wengi wetu au wazazi wetu tulishuka kwenye basi tukitoka kwingine. Ingia nyumba yoyote ya Kiswahili Tandale, Mwananyamala, Keko au Yombo: chumba cha kwanza Mmakonde, cha pili Mha, cha tatu Mpare, mbele yao Mzaramo mwenye nyumba. Uani ni mmoja, choo ni kimoja. Mama yako mzazi yuko safari ya siku nzima. Ukishikwa na uchungu wa kuzaa saa nane za usiku, anayekwenda kuita bajaji ni mtu ambaye miaka mitatu iliyopita hukujua jina lake. Ukifiwa, anayeshika daftari la michango ni huyo huyo. Mji huu umejengwa kwa saruji na kwa watu waliokubali kuwa ndugu bila kuzaliwa pamoja.

Wapo watakaoniambia kwamba usaliti nao ni kweli, na kwamba wazee wetu walituonya mapema. Ni sahihi. Hadithi nyingi tulizokua nazo zinahusu rafiki aliyegeuka. Katika hadithi ya Kima na Papa, iliyomo kwenye mkusanyo wa hadithi za Unguja alioutoa Edward Steere mwaka 1870, Papa anamwalika rafiki yake Kima aende naye kwao, amempakia mgongoni, kumbe Sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Katika mkusanyo huo huo kuna Paa aliyemtoa maskini mmoja jalalani akamfanya tajiri mwenye mke na jumba. Paa alipougua, tajiri yule alimnyima hata uji wa maana, Paa akafa. Tajiri akalala katika jumba lake, akaamka yuko jaani, anachakura kama zamani.

Lakini tazameni hadithi hizo zilivyosukwa. Kabla Papa hajamdanganya Kima, kuna mkuyu uliotandaza matawi juu ya maji, na Kima yuko juu anamtupia mwenziwe matunda, siku baada ya siku. Tunauona urafiki kwanza, tunaonja utamu wake, ndipo unapovunjwa nasi tunaumia. Kabla Paa hajanyimwa uji, tumemwona akikimbia nchi nzima kwa ajili ya bwana wake. Bibi aliyetusimulia hakukusudia tuamini kwamba marafiki wote ni papa. Alitaka tujue thamani ya matunda yale.

Euphrase Kezilahabi alilijua hilo alipoandika Kichwamaji mwaka 1974. Kazimoto na Manase wanajuana tangu ujana. Manase anapompa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia akafa, kidonda kile kinawatafuna wote mpaka mwisho wa kitabu. Kama wangekuwa watu baki, lingekuwa tukio la kusikitisha tu. Kwa kuwa kulikuwa na urafiki, ni msiba.

Upande wa pili wa mizani, waandishi wetu wakubwa hawakuona haya kumwandika rafiki mwema. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952 anamwonesha Adili akitoswa baharini na ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, kwa wivu. Anayemwokoa ni jini Huria, ambaye hakuzaliwa naye wala kukua naye, aliyewahi kutendewa wema na Adili na hakuusahau. Kutoka Makunduchi, Muhammed Said Abdulla alituletea Bwana Msa, mpelelezi wa kiko mdomoni. Wengi wanajua kwamba alimtazama Sherlock Holmes wa Waingereza, na Holmes ana rafiki yake Watson. Bwana Msa naye akapewa Najum. Toa Najum kwenye visa vile, utabaki na mtu mwenye akili anayezungumza na ukuta. Akili ya Msa tunaistaajabia. Tunayekaa naye ni Najum, kwa sababu anashangaa tunaposhangaa. Katika Kuli ya mwaka 1979, Shafi huyo huyo anatupa Rashidi na Faraji, makuli wa bandari ya Unguja. Mgomo wa mwaka 1948 ni historia, umo kwenye vitabu vya historia. Lakini Rashidi hakuingia kwenye mapambano kwa kusoma historia. Aliingia kwa kuzungumza na rafiki aliyemtangulia kuona.

Hata redio ilitupa yetu. Nilipokuwa mdogo, nyumba nzima ilijikusanya kwenye redio ya mwenye nyumba kusikiliza Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania. Walikuwa wajanja na waongo, na hila zao ziliwageukia wenyewe. Hatukuwapenda kwa uongo wao. Tuliwapenda kwa sababu hakuna aliyekwenda popote bila mwenzake.

Sasa nije kwenye lawama yangu, na ninaisema kwa heshima, kwa sababu najua waandishi wa filamu na tamthilia wanafanya kazi ngumu kwa fedha kidogo. Katika hadithi nyingi tunazooneshwa leo, rafiki wa kike ana kazi moja: kumchukua mume wa mwenzake. Tunamjua tangu anapoingia. Anapiga jicho la pembeni, muziki unabadilika, mwenye nyumba anakwenda jikoni kuleta juisi, na shoga anabaki sebuleni na shemeji. Hatujaoneshwa walikutana wapi. Hatujaoneshwa siku hata moja aliyomfaa mwenzake. Mkuyu haupo, matunda hayapo, papa anatoka majini na meno yake tayari. Hadithi ya namna hiyo haituonyi juu ya usaliti, maana hakuna kilichosalitiwa. Inatufundisha tu kumtazama kila mwanamke mwenzetu kwa jicho la pembeni.

Na mafunzo hayo yanafanya kazi. Nawasikia wateja wangu. Bibi harusi anakuja kupimwa gauni na kuniomba nisimwambie rafiki yake rangi aliyochagua. Wasichana wanaandikiana kwenye simu kwamba hawana marafiki, wana wanafiki. Binti yangu wa kibandani alipanga chumba Mbagala, na miezi sita hakuwa amegonga mlango wa jirani hata kuomba kiberiti, kwa kuhofia kusemwa. Siwezi kusema tamthilia peke yake imeleta hayo. Maisha ni magumu na watu wanaumizwa kweli. Lakini mtu anayeumizwa anahitaji kujua kwamba wapo wengine, na hadithi ndiyo iliyokuwa ikimwambia.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu.

Ninyi waandishi wa tamthilia, filamu na hadithi za simu, mpeni rafiki muda. Kama ni lazima amgeuke mwenzake, tuoneshwe kwanza siku waliyogawana nauli. Na mara moja moja, msimgeuze. Mwacheni abaki mpaka mwisho, muone kama watazamaji watakimbia. Kibandani kwetu hawakukimbia, walisogeza vigoda.

Ninyi walimu wa Kiswahili, najua mtihani unataka dhamira: ukoloni, ndoa za kulazimishwa, nafasi ya mwanamke. Fundisheni hayo yote. Kisha tengeni dakika kumi mwaulize wanafunzi swali moja: Mwajuma alikuwa anafuata nini kwa Yasmin? Waacheni watafute. Watakapokosa faida yoyote aliyokuwa akiifuata, watakuwa wamelielewa neno ambalo methali yetu imelisema siku zote, kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Nanyi wazazi wenzangu, tunapowaonya watoto juu ya marafiki wabaya, na ni lazima tuwaonye, tuwasimulie pia habari za yule aliyetufaa. Watoto wangu walikuwa wakubwa ndipo nilipowaambia kwamba yule wanayemwita mama mkubwa hakuzaliwa na bibi yao. Nilichelewa. Walipaswa kukua wanajua kwamba udugu ule ulichaguliwa.

Yule muuza maandazi sasa anaishi Mbagala kwa mwanawe. Mtoto wa jicho amempunguzia nuru, kusoma hawezi tena. Jumapili napanda daladala kwenda Rangi Tatu, nambebea dawa yake ya kuchua magoti, na baada ya chakula nafungua kitabu. Tulipomaliza ile sura ya Mwajuma kumpokea Yasmin, alikaa kimya kitambo, akaniuliza, "Mdogo wangu, huyo aliyeandika ni mwanamke?" Nikamwambia hapana dada, ni mwanamume wa Unguja. Akatikisa kichwa. "Basi naye aliwahi kupokewa mahali."

Ninaamini hivyo. Nanyi mnaotuandikia leo, hakuna hata mmoja wenu aliyeufikia mji huu asipokewe na mtu. Mwandikeni huyo mtu.